Mvinyo, Kitambaa na Gunia la Nafaka: Biashara ya Nje na Ukuaji wa Uchumi kwa Hesabu za Smith na Ricardo

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa watu wa kisiwa hiki hawapandi nafaka. Wanaletewa kutoka Sawahili, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Karibu miaka 700 imepita, na bado mchele wa Pakistan na ngano ya ng'ambo vinateremshwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Mji usiojilisha unatajirika vipi? Na nchi inayonunua chakula nje inajijenga au inajibomoa? Swali hilo, lilipoulizwa kuhusu ngano ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, ndilo lililozaa nadharia ya biashara ya kimataifa inayofundishwa hadi leo.

Tatizo ni kwamba inafundishwa nusu. Mwanafunzi hukaririshwa mfano wa mvinyo na kitambaa, akaambiwa nchi mbili zikibadilishana zote hufaidika, somo likaishia hapo. Haambiwi kuwa kwa David Ricardo, mchumi wa Uingereza aliyeutunga, mfano ule ulikuwa chumba kimoja cha nyumba kubwa. Nyumba yenyewe ilijengwa juu ya swali la ukuaji: mtaji wa nchi huongezeka kwa sababu gani, na nini huusimamisha? Anayesoma biashara bila ukuaji atadhani nadharia hii inaona biashara yoyote ni sawa na nyingine. Ricardo alikana jambo hilo waziwazi, na ndani ya sura ileile ya mvinyo na kitambaa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Vitabu vingi husema "faida linganishi". Hapa tutasema unafuu linganishi, kwa sababu neno faida tutalihitaji kwa maana nyingine: pato analobaki nalo mwenye mtaji baada ya kulipa kila kitu. Ukiyachanganya haya mawili, sehemu ya pili ya makala hii haitaeleweka.

Dhahabu inayokuja na kuondoka

Kabla ya Adam Smith, mchumi wa Uskoti wa karne ya 18, fikra iliyotawala Ulaya ilikuwa rahisi: uza nje zaidi ya unachonunua, na tofauti ije kwa dhahabu na fedha. Thomas Mun, mfanyabiashara na mkurugenzi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliitetea katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1664, baada ya kifo chake. Mwanafalsafa David Hume aliibomoa mwaka 1752 kwa hoja moja. Dhahabu ikiingia nchini, bei za humo hupanda. Bidhaa za nchi hiyo zikiwa ghali, wageni hupunguza kuzinunua, na wenyeji huanza kununua za nje zilizo rahisi. Dhahabu inarudi ilikotoka. Nchi haiwezi kuirundika milele, sawa na maji ya bahari yasivyoweza kurundikana upande mmoja wa mlango wa Kilindini.

Hoja hii ya Hume tuiweke karibu. Bila yake mfano wa Ricardo hauwezi kufanya kazi sokoni.

Smith: soko kubwa ndilo linalozaa ufundi

Katika kitabu chake cha mwaka 1776 Smith alianza na kiwanda cha pini. Kazi ya kutengeneza pini iligawanywa hatua zipatazo 18. Watu 10 waliogawana hatua hizo walitoa pini 48,000 kwa siku, yaani 4,800 kwa kila mmoja. Mtu akifanya peke yake bila mafunzo, alisema, hafikishi 20 na huenda asimalize hata moja. Wengi huishia hapo. Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito: nani atanunua pini 48,000 kila siku? Mgawanyo wa kazi huishia pale soko linapoishia. Kijiji kidogo hakiwezi kumlisha mtu anayechonga vichwa vya pini tu, hata awe bingwa namna gani.

Basi biashara ya nje kwa Smith ni njia ya kulipanua soko ili ufundi uweze kugawanyika zaidi. Na kinachopanua soko kwanza ni gharama ya kusafirisha. Alipiga hesabu hii: gari la kukokotwa na farasi 8, lenye watu 2, huchukua kama wiki 6 kwenda na kurudi kati ya London na Edinburgh likiwa na tani 4 hivi. Kwa muda huohuo, meli yenye mabaharia 6 hadi 8 hubeba tani 200. Kuzipeleka tani hizo 200 kwa nchi kavu kungehitaji magari 50, watu 100 na farasi 400.

Hesabu hiyo tuilete pwani yetu ya karne ya 19. Mpagazi wa msafara wa bara alibeba mzigo wa frasila 2 hivi, kama kilo 32. Tani 200 zingehitaji wapagazi 6,250, nao wote wale njiani kwenda na kurudi. Ndiyo maana biashara ya misafara ilishikilia pembe za ndovu: ni kitu chenye thamani kubwa kwa kila kilo, kinachoweza kulipia miguu ya watu. Mahindi au pamba visingeweza. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ilibadilisha orodha ya vitu vinavyolipa kusafirishwa, na miaka michache baadaye Uganda ilikuwa ikilima pamba ya kuuza ng'ambo. Smith mwenyewe alilitaja bara la Afrika katika sura hiyohiyo: alisema limekosa ghuba kubwa za kuingiza biashara ya bahari hadi ndani, na mito yake mikubwa iko mbalimbali mno.

Mfano wa soko pana linalozaa ufundi tunao mjini. Chai hupigwa mnada Mombasa kila wiki, ikitoka Kenya na nchi kadhaa za jirani. Kwa kuwa kiasi ni kikubwa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuonja tu, mwingine ni dalali, mwingine anachanganya madaraja, mwingine ana ghala, mwingine anashughulikia karatasi za meli. Chai ya wilaya moja pekee isingeweza kuwaajiri wote hawa.

Smith ana wazo la pili ambalo mara nyingi huchanganywa na hili. Nchi inaweza kuwa na ardhi na mikono isiyotumika kwa kuwa hakuna wa kununua ziada. Soko la nje likifunguka, ziada hiyo hupata pa kwenda. Mchumi wa Burma, Hla Myint, alionyesha mwaka 1958 kuwa wazo hili linaeleza vizuri zaidi kilimo cha mazao ya nje katika nchi za joto, ambako wakulima waliongeza pamba au kakao bila kupunguza chakula. Lakini lina mwisho: ardhi tupu ikijaa, ukuaji wa namna hiyo umekwisha, kwa sababu hakuna ufundi mpya uliozaliwa njiani.

Namba nne

Smith aliacha tundu. Ikiwa nchi moja ni bora katika kila kitu, ile dhaifu itauza nini? Ricardo alijibu katika sura ya 7 ya kitabu chake cha 1817. Kazi inayohitajika kwa mwaka, kwa idadi ya watu: Uingereza, kitambaa 100 na mvinyo 120; Ureno, kitambaa 90 na mvinyo 80. Ureno inashinda kote.

Hesabu huharibika kwenye hatua ya kwanza kabisa. Macho hukimbilia kulinganisha 100 ya Uingereza na 90 ya Ureno. Usifanye hivyo. Gawanya ndani ya nchi, si baina ya nchi. Uingereza ikitengeneza kitambaa kimoja, watu 100 wameondolewa kwenye mvinyo, na mvinyo uliokosekana ni 100 ÷ 120, yaani 0.83. Ureno ikitengeneza kitambaa kimoja, mvinyo uliokosekana ni 90 ÷ 80, yaani 1.125. Sasa ndipo ulinganishe: kitambaa kinaigharimu Uingereza mvinyo 0.83 na Ureno 1.125. Kitambaa ni rahisi zaidi Uingereza, japo Mreno hukitengeneza kwa watu wachache. Mvinyo ni kinyume chake. Huo ndio unafuu linganishi. Ndiyo maana mpishi mwenye mkono mwepesi kuliko jirani yake, kwa mahamri na kwa mbaazi, bado ana sababu ya kumwachia jirani mbaazi: muhimu ni mahamri mangapi anayakosa kila anapoteleka sufuria, yakilinganishwa na anayoyakosa jirani.

Hatua ya pili ni bei. Kitambaa kimoja lazima kibadilishwe kwa mvinyo zaidi ya 0.83, la sivyo Uingereza ni heri ijitengenezee mvinyo. Na kwa chini ya 1.125, la sivyo Ureno ijifumie. Nje ya mipaka hiyo hakuna biashara, na mfano wowote wa darasani unaoweka bei nje yake umekosewa. Tuchukue kitambaa kimoja kwa mvinyo mmoja. Uingereza inapata mvinyo kwa kazi ya watu 100 badala ya 120, imeokoa 20. Ureno inapata kitambaa kwa kazi ya watu 80 badala ya 90, imeokoa 10. Hapo mwanzo vitambaa viwili na mivinyo miwili vilichukua watu 390 kwa jumla; sasa vinachukua 360.

Angalia kuwa 20 na 10 hazilingani. Ricardo alithibitisha kuwa kuna cha kugawana. Hakusema kitagawanywa vipi. Jibu hilo alilitoa John Stuart Mill: bei hukaa pale ambapo hamu ya kila upande kwa bidhaa ya mwenzake inalingana. Mwenye kuhitaji sana bidhaa ya mwenzake hulipa zaidi, na bei husogea karibu na mpaka wake mwenyewe, hadi anabaki na unafuu mdogo tu.

Mishahara, na kwa nini "wao ni rahisi kwa sababu wanalipwa kidogo" ni nusu ya hesabu

Mnunuzi wa kitambaa hajui chochote kuhusu watu 90 au 100. Anajua bei. Bei ya fedha hupindukaje hadi ifuate unafuu linganishi? Hapa Hume anarudi.

Tuseme mshahara ni sarafu 1 kwa mtu kwa mwaka, kote kuwili. Kitambaa cha Ureno ni sarafu 90 dhidi ya 100, mvinyo wake 80 dhidi ya 120. Kila mtu ananunua Ureno. Dhahabu inatoka Uingereza, inaingia Ureno, na mishahara na bei za Ureno zinapanda huku za Uingereza zikishuka. Mshahara wa Ureno ukipita mara 1.11 ya ule wa Uingereza, yaani 100 ÷ 90, kitambaa cha Uingereza kinakuwa rahisi zaidi. Ukipita mara 1.5, yaani 120 ÷ 80, hata mvinyo wa Ureno unashindwa. Kwa hiyo mshahara wa Ureno lazima utulie kati ya mara 1.11 na 1.5. Ukiwa mara 1.25, kitambaa cha Uingereza ni 100 na mvinyo wa Ureno ni 100: ile bei ya kimoja kwa kimoja tuliyoitumia juu.

Hapo ndipo lilipo jibu la malalamiko mawili yanayosikika kila siku. La kwanza: hatuwezi kushindana na nchi yenye mitambo bora. Tunaweza, lakini kwa mshahara ulio chini yake, na pengo hilo la mshahara lenyewe limetokana na ubora wa mitambo ile. La pili: wao wanatushinda kwa sababu wanawalipa watu wao kidogo. Mshahara mdogo peke yake haumshindi mtu. Kinachoshindana ni mshahara ukizidishwa kwa kazi inayoingia katika bidhaa moja. Unafuu linganishi unaweza kukupa kazi ya kufanya. Haukupi mshahara mzuri. Huo hutokana na namba za kazi zenyewe kushuka, na kuzishusha ni suala la ukuaji.

Katika mfano wetu wa 1.25 kuna nafasi ya sarafu 20 kati ya mvinyo wa Ureno na wa Uingereza, na ya 12.5 kwenye kitambaa. Nauli, bima, ada za bandari na ushuru vyote hukatwa kwenye nafasi hizo. Vikifika 20 kwenye mvinyo, biashara hiyo imekufa, hata kama namba nne ziko vilevile. Kontena lililopitisha siku zake za bure Kilindini hutozwa mara mbili, na bandari kwa kuhifadhi na kampuni ya meli kwa kukawiza kontena lake, na tozo hizo hutafuna nafasi ileile. Kwa mzigo wa Kampala, ulio zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, nafasi huanza nyembamba kabla hata lori halijawashwa. Wanaodhani ufanisi wa bandari ni jambo la wahandisi na makuli tu hawajaisoma nadharia hii hadi mwisho.

Ngano: biashara inapogeuka ukuaji

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Mwaka 1815 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozuia ngano ya nje kuuzwa nchini hadi bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kila kipimo cha kilo 218 hivi. Bunge lilijaa wenye ardhi. Mwaka huohuo Ricardo alitoa kijitabu kuhusu faida ya mtaji akionyesha madhara yake, na hoja ilikuwa ijara, yaani kodi anayolipwa mwenye ardhi.

Mtu wa Mombasa anaielewa ijara bila mwalimu, maana nyumba nyingi za mji huu zimesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Viwanja viwili sawa kwa ukubwa, kimoja kando ya barabara kuu na kingine ndani ya kichochoro, havilipiwi sawa. Tofauti hiyo haikutokana na chochote alichokifanya mwenye kiwanja. Ricardo aliiona tofauti hiyohiyo kwenye rutuba.

Tufanye hesabu yetu kwa magunia. Kila shamba lina wafanyakazi 10, kila mmoja analipwa magunia 10 kwa mwaka, kwa hiyo mishahara ya shamba ni 100, na huo ndio mtaji. Shamba la kwanza hutoa magunia 150, la pili 130, la tatu 110. Watu wakiwa wachache, linalimwa la kwanza tu: faida ni 50, asilimia 50 ya mtaji, na hakuna ijara kwa kuwa ardhi nzuri bado ipo ya kutosha. Watu wakiongezeka, linalimwa la pili, lenye faida ya 30. Mkulima wa shamba la pili yuko tayari kumlipa mwenye shamba la kwanza hadi magunia 20 ili ahamie huko, kwa hiyo 20 hizo zinakuwa ijara, na faida kote ni 30. Likija la tatu, faida kila mahali inashuka hadi 10, na ijara inakuwa 40 kwa shamba la kwanza na 20 kwa la pili.

Hesabu ya nchi yenye mashamba matatu ni hii: mavuno 390, mishahara 300, ijara 60, faida 30. Wafanyakazi wanapata kilekile, na wenye ardhi wameneemeka bila kuinua jembe. Faida ndiyo inayogeuka mtaji wa mwakani: magunia 30 yanaajiri watu 3 zaidi. Lije shamba la nne la magunia 100 tu, na faida inafika sifuri. Mtaji hauongezeki tena. Hiyo ndiyo hali ya kusimama waliyoiogopa wachumi hawa.

Fungua bandari. Wafanyakazi 10 wa shamba la tatu wanahamia kwenye kitambaa, na kitambaa chao kikiuzwa nje kinaleta magunia 130. Shamba la tatu linaachwa. Jumla ya chakula sasa ni 150 + 130 + 130, yaani 410. Mishahara 300. Faida ni asilimia 30 kote, jumla 90. Ijara ni 20.

Zitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu humo ndimo mna hoja nzima. Unafuu wa biashara wenyewe, ule wa mfano wa mvinyo, ni magunia 20 tu: kutoka 390 hadi 410. Lakini faida imepanda mara tatu, kutoka 30 hadi 90, na mwakani wataajiriwa watu 9 badala ya 3. Magunia 40 yamehama kutoka mikononi mwa wenye ardhi. Hapo unaona kwa nini sheria ile ilidumu miaka 31, hadi Robert Peel alipoifuta mwaka 1846 huku njaa ikiitesa Ireland. Ricardo, aliyekufa 1823, hakuiona siku hiyo. Naye alikuwa mwenye ardhi, mnunuzi wa shamba kubwa la Gatcombe, kwa hiyo alikuwa akibishana na mfuko wake mwenyewe.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: badala ya nafaka, kitambaa kilete hariri ya wenye ardhi. Watu watavaa vizuri zaidi, lakini mishahara bado inalipwa kwa nafaka ya shamba la tatu, na faida inabaki asilimia 10. Hilo ndilo alilolisema Ricardo katika sura ya 7. Biashara ya nje huongeza wingi wa vitu vya kutumia, ila kiwango cha faida hupanda tu pale inaporahisisha vitu ambavyo mshahara hununua. Kwa nchi ya leo hii ni tofauti kati ya meli ya mchele na kontena la manukato, na takwimu za biashara zinazojumlisha yote mawili katika mstari mmoja huificha kabisa.

Nadharia inapovuja

Dhana zake si siri, Ricardo aliziandika. Kubwa kuliko zote ni kuwa mtaji hauvuki mpaka. Alikiri kwamba kama mtaji na wafanyakazi wangehama bila kizuizi, mvinyo na kitambaa vyote vingetengenezwa Ureno, na kilichowazuia wenye mali, alidhani, ni kusita kuhamia chini ya serikali ya kigeni. Leo mtaji hauna kusita huko. Viwanda vya nguo katika EPZ, maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, hapa Mombasa vimeletwa na mitaji ya nje, vikivutwa na mshahara pamoja na msamaha wa ushuru wa Marekani chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Mtaji unapofuata msamaha, kiwanda kinaweza kuondoka na msamaha ukiondoka. Huo si unafuu linganishi, na haifai kuuita hivyo kwenye mipango ya serikali.

Dhana ya pili ni kuwa namba nne hazibadiliki. Ureno halisi inatufundisha tahadhari. Mkataba wa Methuen wa 1703 ulifungua Ureno kwa nguo za sufu za Uingereza, na mvinyo wa Ureno ukapewa ushuru ulio chini kwa theluthi kuliko ule wa Ufaransa. Dhahabu ya Brazil ililipia pengo. Uingereza ilibaki na kazi ambayo, kwa hoja ya Smith, hugawanyika na kuzaa mitambo. Ureno ikabaki na mizabibu. Kila upande ulifuata unafuu wake wa siku ile.

Hapa ndipo hoja ya viwanda vichanga inapoingia: kiwanda kipya kikingwe na ushindani wa nje hadi kikomae. Alexander Hamilton aliitoa 1791, Friedrich List 1841, na hata Mill, mtetezi wa biashara huria, aliikubali mwaka 1848 kwa masharti: kinga iwe ya muda, na kiwanda kiwe na tumaini la kweli la kusimama chenyewe. Charles Bastable aliongeza kuwa akiba itakayopatikana baadaye lazima izidi hasara waliyobeba wanunuzi kipindi cha kinga. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki wa asilimia 0, 10 na 25, na 35 iliyoongezwa Julai 2022, umejengwa kwa mantiki hiyo: mali ghafi chini, bidhaa iliyokamilika juu. Kasoro inayojirudia ni kukosa tarehe ya mwisho. Kinga isiyo na tarehe hugeuka ijara kwa maana ileile ya Ricardo, pato la anayekaa mahali pazuri bila kuongeza kitu.

Na chakula? Ushuru wa pamoja wa mchele ni asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imeomba itoze 35. Mchele wa 100 bandarini unakuwa 135, bado chini ya 175. Mlaji wa Kisauni amenufaika, mkulima wa Mwea analalamika, na wote wawili wana hoja. Mchumi Arthur Lewis wa St Lucia, aliyeandika mwaka 1954 akirudi makusudi kwa wachumi hawa wa kale, alitoa hesabu inayowagusa wote wawili. Aliuliza kwa nini wafanyakazi wa miwa walibaki maskini ingawa kilimo cha miwa kilipiga hatua kubwa mno za kisayansi. Jibu lake: mshahara wa zao la kuuza nje huamuliwa na kile ambacho mtu angepata akibaki kwenye shamba la chakula. Tija ya miwa au ya chai ikipanda peke yake, mshahara hausogei. Bei ndiyo inayoshuka, na aliyefaidika ni mnunuzi wa ng'ambo. Kwa hesabu hiyo, kinachompandishia mshahara mchuma chai wa Kericho hakiko kwenye chumba cha mnada Mombasa. Kiko kwenye ekari ya mahindi ya jirani yake, katika idadi ya magunia inayotoa, kwa kuwa hayo magunia ndiyo anayoyaacha kila asubuhi anapokwenda kuchuma.